Kina cha Maji, Kituo cha Tatu

Jumatatu, 6 Mei

Zimebaki siku kumi na moja. Ijumaa ya tarehe 17 kipindi changu cha majaribio kinakwisha, na Mkuu wa shule ataamua kama nithibitishwe kazini au nirudi kwa kaka kuuza misumari. Niliizungushia tarehe hiyo kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ofisi. Kisha nikaogopa Mkuu akiona atasema nina haraka. Nikaifuta. Kalenda imetoboka.

Shangazi, ambaye naishi kwake, amekwisha kuwatangazia majirani kwamba mimi ni mtumishi wa kudumu. Cherehani ameihamishia karibu na mlango wa mbele ili mimi nipate chumba, na yeye apate mwanga. Macho yake yanafifia. Mtumishi aliyethibitishwa hutibiwa pamoja na anayemtegemea. Mimi bado sitibiwi hata mwenyewe.

Leo mwalimu wa jiografia aliingia ofisini. Wanafunzi wanamwita Dira kwa sababu hajawahi kupotea, au hajawahi kukubali. Alisema Jumatano kidato cha mwisho wanakwenda mtoni kupima, msaidizi wake anaumwa, na karani ndiye atakayekwenda kutunza fomu. Karani ni mimi. Nilimwambia nimezongwa na kazi. Akaitazama meza yangu. Juu yake palikuwa na kalamu moja na ufutio.

Mto siuogopi. Naogopa maji yaliyomo.

Jumanne, 7 Mei

Mpango: kuteguka mguu. Nilianza kuchechemea tangu getini ili habari ienee yenyewe.

Mtunza Stoo aliniuliza ni mguu gani. Mtu huyu hanipendi tangu nilipopewa kiti chenye mikono alichokuwa akikimezea mate. Nikamjibu ni wa kushoto. Mchana akaniuliza tena mbele ya Dira, kwa upole kama muuguzi. Nikasema wa kulia.

Dira alisema maumivu yanayohamahama dawa yake ni kutembea.

Jioni nikatia sahihi vifaa vya safari. Mtunza Stoo alivisoma kimoja kimoja kama hakimu anayesoma mashtaka: fito sita, utepe wa kupimia mmoja, saa ya sekunde moja, faili la plastiki la buluu moja, machungwa manne. Kila chungwa na sahihi yake. Nikamuuliza kama nirudishe na maganda. Akasema nisimchezee, vitu vya stoo vina macho, hurudi vyenyewe kumshtaki aliyevipoteza.

Jumatano, 8 Mei

Nimerudi mzima. Afadhali ningeteguka.

Mawingu tangu asubuhi, na upepo wa kukera. Kazi ni hivi: wanafunzi wanapima mto mahali patatu, kwenye miamba, kwenye kona, na chini ya daraja. Wanapima upana kwa utepe na kina kwa fito. Kasi ya maji wanaipima kwa chungwa: linatupwa kwenye fito ya juu, na mwenye saa anahesabu sekunde mpaka lipite fito ya chini, mita kumi. Kila kundi linajaza fomu moja tu kwa kila kituo, na nakala ni marufuku. Sheria hiyo ni ya Dira, ili watu wasiigizane.

Dira mwenyewe alibaki kituo cha kwanza kama kawaida yake. Pale pana miamba, naye miamba anaipenda kuliko watu. Mimi nilipewa kituo cha tatu. Nilikaa juu ya jiwe, ukingoni, miguu nimeikunja. Hadi saa saba nilikuwa na fomu zote kumi na tano, za vituo vyote, ndani ya faili la buluu. Nilijisikia mtu.

Wote wakapanda kwenye basi kula. Nikaachwa nilinde vifaa. Ukaja upepo. Jiwe likatikisika. Nilikuwa na mikono miwili, na vitu viwili vya kuokoa: faili na mimi. Mikono ikanichagua mimi.

Faili lilitua majini palepale penye fito ya juu, likaanza safari, limenyooka, bila haraka. Ningeweza kuingia kulichukua. Sikuingia. Nililiita.

Lilipopita fito ya chini nikasikia mlio, ta! Nikageuka. Nyuma yangu amesimama msichana wanayemwita Sekunde, kwa kuwa ndiye aliyeshika saa siku nzima. Alikuwa amerudi kuchukua chupa yake ya maji, akaona kitu kinaelea, mazoea yakamshika. Akaniambia kwa adabu: "Kumi na nne nukta mbili, Karani." Akaandika kwenye daftari lake.

Nilimsihi asimwambie mtu. Akauliza fomu nitafanyaje. Nikamwambia ofisini kuna nakala. Akauliza nakala ya nini, na fomu zimejazwa nusu saa iliyopita? Nikasema ofisi ina utaratibu wake. Alinitazama kama shangazi anavyotazama kitambaa kilichochuja.

Alhamisi, 9 Mei

Dira anataka jedwali la vipimo kesho saa sita. Wanafunzi thelathini na mmoja wataandika ripoti zao kutokana nalo, na ripoti inaingia kwenye alama za mtihani wa mwisho. Sikujua hilo. Ningelijua, ningelishika faili kwa meno.

Niliamua kukiri. Kabisa. Nilifanya mazoezi chooni, mara mbili kwa sauti. Nikafika mlangoni kwa Mkuu, mkono umeinuliwa kubisha, nikamsikia ndani akimwambia mtu kwamba karani anayepoteza karatasi ni sawa na mpishi anayepoteza moto. Labda alikuwa akimsema karani mwingine, wa shule nyingine. Mkono ulishuka wenyewe.

Nikarudi ofisini. Na hapo nikaliona kabati la chuma.

Ndani yake mna ripoti ya mwaka jana. Mto ni uleule, vituo ni vilevile, mwezi ni uleule. Mto si mbuzi kwamba utakuwa umehama. Nikainakili. Tarehe nimebadilisha. Upana, kasi, kina, yote. Kituo cha tatu, kina cha maji: mita 1.8. Sikuwaza. Nilikuwa nimezama kwenye uzuri wa mistari.

Juu ya kabati imetundikwa picha ya karani aliyenitangulia, Karani Mzee, aliyestaafu mwaka jana baada ya miaka ishirini na sita. Chini wameandika: Mtumishi Mwadilifu. Kutwa amenikodolea macho. Nimemgeuzia mgongo.

Ijumaa, 10 Mei

Ushindi! Dira nusura anikumbatie. Alisema vipimo vimelingana na vya mwaka jana hadi nukta ya mwisho, na kwamba amekuwa akiwaambia watu miaka yote: huu ni mto mtulivu kuliko yote aliyopata kuisoma, tangu aje shuleni hapa haujatikisika hata kidole kimoja. Ameandika makala kuhusu utulivu huo, ataisoma kwenye mkutano wa walimu. Alinisifu mbele ya Mkuu. Mkuu akasema, "Vizuri." Hilo ni neno la pili kuniambia tangu niajiriwe. La kwanza lilikuwa, "Nani?"

Mtunza Stoo akaja kudai faili la buluu. Nikamwambia bado linatumika. Akaomba alione tu. Nikasema linatumika mahali pengine. Alichora alama ya kuuliza kwenye daftari lake, kwa wino mwekundu, polepole, huku akinitazama.

Wanafunzi wote wamegawiwa jedwali na wote wanaandika kwa bidii. Nilipita dirishani nikawaona. Wengine suruali zao bado zina alama ya tope, na alama hiyo imeishia chini ya goti. Hakuna aliyeitazama suruali yake. Karatasi ya ofisini ina nguvu kuliko miguu ya mtu.

Ila Sekunde. Alikuja dirishani kwangu akasema pale kituo cha tatu alisimama yeye mwenyewe, na maji yalimfika magotini. Mita moja nukta nane ni yeye na ndoo kichwani. Nikamweleza kwamba maji yakitazamwa kutoka juu huonekana mafupi. Akasema hakuwa juu, alikuwa ndani.

Nikafunga dirisha. Nimeshinda kwenye joto.

Jumapili, 12 Mei

Shangazi amenishonea shati jeupe la kuvaa Ijumaa, siku ya kuthibitishwa. Mshono wa bega moja umepinda. Zamani asingekosea. Nimemwambia limenikaa sawasawa.

Nilimuuliza, kwa njia ya mfano tu, kama mtu akianza jambo baya kwa bahati mbaya, anaweza kuliacha katikati? Akajibu bila kuinua uso kutoka kwenye sindano: "Ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga, baba." Kisha akauliza kwa nini nimekunjamana uso, na kama nina tumbo.

Kwa nini kataja maji? Mithali zote hizi za dunia!

Jumatatu, 13 Mei

Nimeisha. Imekuja barua: keshokutwa Mkaguzi wa baraza la mitihani anafika kukagua ripoti za jiografia za uwandani.

Nikawaza: nitatafuta ushahidi kwamba mita 1.8 ni kipimo cha kawaida. Nikafungua kabati. Ripoti ya mwaka juzi: 1.8. Nikafurahi. Ya nyuma yake: 1.8. Nikafurahi zaidi. Ya nyuma yake tena: 1.8, na upana uleule, na kasi ileile. Furaha ikaanza kunitoka kwa miguu. Ripoti tisa. Tarakimu zote ni zilezile, hata pale kwenye kasi ya kituo cha pili ambapo mtu aliandika saba akairekebisha kuwa tisa. Ripoti zote tisa zina saba iliyorekebishwa kuwa tisa. Hata yangu. Niliiga na kosa.

Mwaka wa kumi, kabla ya Dira kuja, ndio una fomu za kweli: zimechafuka tope, mwandiko wa kitoto, na maelezo kwamba kina, hiyo 1.8 yenyewe, kilipimwa kutoka darajani kwa kamba na jiwe.

Niliinua macho kuitazama picha ya Karani Mzee. Miezi yote hii nilidhani ananilaumu. Kumbe anakaribia kutabasamu.

Jumanne, 14 Mei

Mpango: kuficha majalada tisa mahali ambapo hakuna atakayeyatafuta. Nimeyaingiza stoo, nyuma ya maboksi ya chaki, Mtunza Stoo alipokwenda kunywa chai. Ukitaka kumficha chui kitu, kifiche chini ya kitanda chake. Sijui kama methali hiyo ipo. Inafaa iwepo.

Jumatano, 15 Mei

Mkaguzi ni mwanamume mfupi, mpole. Alikuja na mfuko, na ndani ya mfuko mna buti za mpira.

Alisoma ripoti zote thelathini na moja. Mkuu alikaa kushoto kwake, Dira kulia, mimi nimesimama na jagi la maji. Kisha akauliza kama wanafunzi wa shule hii ni warefu sana. Mkuu akasema ni wa kawaida. Akauliza kama wanajua kuogelea. Dira akacheka, akidhani ni utani.

Hapo mlango ukafunguliwa. Mtunza Stoo. Mikononi majalada tisa, yamefutwa vumbi. Alisema ameyakuta yamepotea njia, na kwa vile mgeni amefika, huenda yakamsaidia. Kabla ya kutoka aliniuliza mguu unaendeleaje.

Mkaguzi aliyapanga mezani, yote tisa, na jedwali langu mwishoni. Akapitisha kidole kwenye safu ya kina kutoka la kwanza hadi la kumi. Akarudia. Akasema twende mtoni.

Tulikwenda wote: Mkuu, Dira, wanafunzi, basi zima. Nilikuwa nimevaa shati la shangazi ili kujitia moyo. Chini ya daraja Mkaguzi aliuliza nani aliandika kina cha maji hapa. Hakuna aliyenitaja. Walinitazama tu, na walikuwa wengi. Akaniomba niingie.

Nikaingia. Watu husema maji yamenifika shingoni. Yangu yalinifika magotini, na nikazama kabisa.

Mkaguzi alisoma karatasi akiwa ukingoni. Akawaambia wanafunzi kwamba kwa mujibu wa jedwali hili maji yananipita kichwa, kwa hiyo hapa wanazungumza na marehemu. Walicheka mpaka wengine wakashikana. Mmoja akapiga kelele kwamba marehemu aseme salamu zake za mwisho.

Dira hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya jiwe lile nililokaa mimi, majalada tisa mapajani, anafungua na kufunga. Akasema, si kwa mtu yeyote, kwamba miaka saba iliyopita lilijengwa bwawa huko juu, naye kila mwaka alishangaa mto huu haujalihisi bwawa. Kurasa mbili za makala yake ni za mshangao huo. Kisha akaniona bado nimesimama majini. "Miaka tisa, mwanangu," akasema. Angenizaba kofi ningeshukuru.

Nilikuwa natafuta la kumjibu Sekunde aliponyoosha kidole. Kwenye matete, hatua kama ishirini chini, kitu cha buluu. Mkaguzi akalifuata kwa buti zake, akalifungua mbele ya wote. Fomu kumi na tano zimekuwa uji.

Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kama kuna kipimo chochote cha kweli kilichosalia tangu siku ile. Kisha Sekunde akatoa daftari lake akasoma: kasi, kituo cha tatu, mita kumi kwa sekunde kumi na nne nukta mbili. Kifaa kilichotumika: faili.

Mkaguzi akainakili. Akamuuliza kwa nini basi kwenye ripoti yake kaandika tarakimu nyingine. Sekunde akanitazama kidogo, akasema jedwali lilitoka ofisini, na aliambiwa ofisi ina utaratibu wake.

Ripoti zote zimefutwa. Jumamosi wanapima upya, wote thelathini na mmoja, majuma matatu kabla ya mtihani.

Alhamisi, 16 Mei

Nimerudisha faili stoo. Mtunza Stoo alilikagua pande zote, akaandika: Limerudi. Limelowa. Kisha akaifuta alama yake ya kuuliza, kwa ufutio wangu.

Mkuu aliniita. Nilitarajia misumari. Alisema angenifukuza jana, ila Dira amemwendea asubuhi kuniombea. Dira! Amesema kosa hili lina umri wa miaka tisa na mimi nina umri wa miezi sita, na kijana apewe nafasi ya kusema kweli. Basi niandike barua ya kujieleza, iwe mezani kesho saa sita. Akiridhika, ataniongezea miezi sita ya majaribio. Asiporidhika, nifungashe. Akasisitiza mara mbili: maneno yangu mwenyewe.

Dira alinipitia dirishani baadaye. Macho mekundu. Aliniambia niandike kilichotokea tu, kwamba niliogopa. Nusu ukurasa unatosha, kweli ni fupi. Makala ameichana. Nilitaka kumwambia pole. Nikamuuliza kama kesho mvua itanyesha. Akasema hajui. Sijawahi kumsikia Dira akisema hajui.

Nyumbani shangazi aliupapasa mkono wa shati, akauliza mbona linanuka mto. Nikasema ni kazi za nje. Alitabasamu. Akasema mtumishi wa kudumu hutumwa kila mahali.

Ijumaa, 17 Mei

Nilianza kuandika saa mbili asubuhi. "Mheshimiwa Mkuu, niliogopa." Nikaichana. Inaonekana tupu mno, kama mtu aliyetoka nyumbani bila viatu. "Mheshimiwa Mkuu, tarehe 8 Mei kulikuwa na upepo." Nikaichana. Hadi saa nne nilikuwa nimeanza mara nane, na jasho limenilowesha shati.

Nikafungua kabati kutafuta karatasi safi. Droo ya chini kabisa, chini ya kalenda za zamani, kuna bahasha. Ndani yake, barua ya kujieleza! Ya Karani Mzee, ya miaka saba iliyopita, kuhusu upotevu wa nyaraka. Nyaraka! Kana kwamba niliandikiwa mimi! Na ina muhuri wa Mkuu wa wakati ule: Amesamehewa.

Barua gani ile! Anaungama bila kujidhalilisha, anajuta bila kulia, na anamalizia kwa unyenyekevu wa kumlainisha simba. Aliyesomea kazi yake huonekana.

Kufikia saa tano na nusu nilikuwa nimemaliza kuinakili. Tarehe nimebadilisha, na jina. Nimeisoma mara tatu; haina kosa hata la mkato. Nimeipeleka mwenyewe, nimebisha mwenyewe, mkono haukushuka. Nikitoka nilimpungia Mzee pale ukutani.

Sasa nangoja kuitwa. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, sina hofu. Shangazi atapimwa macho, najua. Hakuna mwenye moyo atakayeisoma barua ile akanifukuza, hasa aya ya mwisho, pale ninapotaja miaka yangu kumi na tisa ya utumishi na watoto saba wanaonitegemea. Hata mimi ilinitoa machozi.